Kivinjari Kisichokiona Kifaa cha Runinga

Kifaa kidogo cha kutiririshia video, ambacho huchomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya runinga na kupokea picha kupitia Wi-Fi badala ya antena, kilipata umaarufu baada ya Google kuzindua Chromecast nchini Marekani mnamo Julai 2013 kwa bei ya dola 35, na leo vifaa vya jinsi hiyo, pamoja na runinga zilizoundwa na uwezo huo ndani yake, si vigeni katika nyumba za Eastlands jijini Nairobi. Lalamiko linaloandamana navyo ni lile lile kila mahali: mtu anafungua kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti, anabonyeza kitufe cha kutuma picha kwenye runinga, kisha anaambiwa kwamba hakuna kifaa chochote kilichopatikana, ilhali kifaa chenyewe kinawaka taa mbele ya macho yake. Aghalabu lawama huangushiwa kifaa au kompyuta, lakini katika mtaa kama Mbotela penye uwezekano mkubwa wa kosa ni baina ya hivyo viwili, kwenye mtandao unaoviunganisha.

Kivinjari hakina daftari lolote lenye majina ya vifaa vilivyomo nyumbani. Kila kinapotaka kuvijua, hutoa tangazo kwa wote mfano wa mpiga mbiu, kikiuliza ni nani aliye tayari kupokea picha, kisha kikasubiri majibu. Tangazo hilo hufuata utaratibu uitwao mDNS, ambao kanuni zake zilichapishwa rasmi mwaka wa 2013, na hupelekwa kwenye anwani maalumu ya pamoja, 224.0.0.251, kupitia mlango nambari 5353. Mlango hapa ni nambari inayotenganisha aina moja ya mawasiliano na nyingine ndani ya kompyuta. Jambo la msingi kuhusu anwani hiyo ni kwamba ujumbe unaotumwa kwake hauruhusiwi kuvuka ruta na kuingia mtandao mwingine. Kwa hiyo intaneti inaweza kuwa na kasi ya kuridhisha, kifaa kikawa kizima na kivinjari kikawa kipya, na bado viwili hivyo visisikizane kwa sababu viko katika mitandao miwili tofauti, au kwa sababu mtandao mmoja unaoviunganisha umekatazwa kupitisha sauti ya kifaa kimoja hadi kwa kingine.

Hali hiyo ya pili ndiyo inayoikabili Mbotela kwa namna ya pekee. Mtaa huo, unaobeba jina la Tom Mbotela, kiongozi katika chama cha Kenya African Union aliyeuawa Novemba 1952, ni miongoni mwa mitaa ya nyumba zilizokuwa za baraza la jiji katika eneo la Makadara, ambako vyumba vya mabati vimeongezwa baina ya nyumba za awali na kaya nyingi zikawa zinaishi karibu karibu. Katika mazingira ya namna hiyo si kila kaya inayolipia nyaya zake za faiba. Wengi hununua Wi-Fi ya mtaani kwa vocha, ambapo mteja hujiunga na mtandao, akaletewa ukurasa wa malipo, akalipa kwa M-Pesa na kuruhusiwa kwa saa, siku au wiki. Mtandao wa vocha huleta vikwazo viwili kwa mpigo. Kwanza, kifaa cha runinga hakina kibodi wala mara nyingi kivinjari cha kufungulia ule ukurasa wa malipo, hivyo hubaki mlangoni bila kuingia. Pili, hata kikiingia, wauzaji wengi huwatenga wateja wao, yaani huiamuru mitambo yao impe kila mteja njia ya kwenda kwenye intaneti pekee na kumzibia njia ya kwenda kwa mteja mwenzake.

Mteja anayekerwa na utengano huo huenda akadhani ni hila ya muuzaji, lakini ukweli ni kwamba muuzaji anayeuweka anafanya vyema. Mapema mwaka wa 2019 wadukuzi walitumia ruta zilizoachwa wazi kupenya hadi kwenye maelfu ya vifaa vya Chromecast katika sehemu mbalimbali za dunia, wakavilazimisha kuonyesha video ambayo wenyewe hawakuiomba. Nao mtandao wa mtaa usio na utengano ungempa jirani yeyote nafasi ya kufanya vivyo hivyo bila hata kuwa mdukuzi. Suluhisho la busara kwa hiyo si kumwomba muuzaji aubomoe ukuta, bali ni mteja kuwa na ruta yake ndogo, ya aina inayoweza kupokea Wi-Fi ya nje na kuitoa upya kama mtandao wa nyumbani. Vocha hulipiwa mara moja kupitia simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo, mtambo wa muuzaji ukaiona ruta kama mteja mmoja, kisha runinga na kompyuta zikakaa pamoja nyuma yake na kusikizana. Wapo wauzaji wanaozuia vocha moja kugawiwa vifaa vingi, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Wenye faiba ya nyumbani nao wana mtego wao. Kampuni huleta ruta yake, mteja akaona mawimbi hayafiki chumba cha pili, akaenda barabara ya Luthuli kununua ruta nyingine na kuichomeka kwenye ile ya kwanza. Matokeo yake nyumba moja huwa na mitandao miwili, kila mmoja ukigawa anwani zake. Dalili yake huonekana upesi katika mipangilio: kompyuta ikiwa na anwani inayoanza na 192.168.1 na kifaa cha runinga kikawa na inayoanza na 192.168.100, kwa kawaida hivyo viwili havimo katika mtandao mmoja hata kama jina la Wi-Fi limefanywa kufanana. Ruta ya pili hapo inapaswa kugeuzwa kuwa kituo cha kusambazia mawimbi tu, ikiacha kazi ya kugawa anwani kwa ile ya kwanza. Mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutoa kando ya ule wa wenyeji, nao hutenga kwa makusudi na haufai kwa kazi hii.

Ushauri unaosikika mara kwa mara ni kwamba kompyuta na kifaa lazima viwe katika masafa yale yale ya Wi-Fi, gigahezi 2.4 au 5. Ushauri huo umetiwa chumvi, kwa kuwa ruta nzuri huyaunganisha masafa hayo mawili kuwa mtandao mmoja. Ila Chromecast ya kwanza kabisa haikuwa na uwezo wa masafa ya 5, na baadhi ya ruta za bei nafuu hazipitishi tangazo vizuri kutoka masafa mamoja hadi mengine, ndipo kuviweka pamoja kunaposaidia.

Kuhusu kompyuta yenyewe maneno si mengi. Chrome imekuwa na uwezo wa kutuma ndani yake tangu 2016, na Edge inao pia, lakini Firefox haina, hivyo anayetumia Firefox anatafuta kisichokuwapo. Katika Windows, mtandao wa nyumbani ukisajiliwa kama wa hadharani, au programu ya kuzuia virusi ikiufunga mlango 5353, majibu ya kifaa hayaingii. Katika kompyuta za Apple, mfumo wa macOS wa mwaka 2024 unakitaka kivinjari kipewe kwanza ruhusa ya kuvifikia vifaa vya mtandao wa ndani. VPN, ambayo hupitisha mawasiliano ya kompyuta kwenye njia ya siri hadi mbali, izimwe wakati wa kutafuta kifaa.

Jaribio la kubaini kosa liko wapi ni rahisi kwa mwenye ruta ya nyumbani. Ruta izimwe, simu iwashwe hotspoti iliyopewa jina na nywila zile zile za Wi-Fi ya nyumbani, kifaa cha runinga kiachwe kijiunge chenyewe, kisha kompyuta nayo iunganishwe. Kifaa kikionekana, kosa limo katika ruta na hakuna haja ya fundi wa runinga.

Kisa cha kifaa kinachoonekana lakini kinachokataa kupokea picha ni tofauti kabisa na hiki. Mnamo Machi 9, 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa sababu cheti cha kidijitali kilichothibitisha uhalali wake kilifikia mwisho wa muda wake, na Google ikawasihi wamiliki wasizirejeshe kwenye hali ya kiwandani, kisha ikasambaza marekebisho siku chache baadaye. Waliokuwa na haraka ya kufuta kila kitu walijiongezea kazi.

Kwa vile utengano wa wateja ni jambo la haki na wala si la aibu, wauzaji wa Wi-Fi katika mitaa ya Eastlands wanaombwa kuueleza waziwazi kwenye ule ukurasa wa malipo, ili mteja ajue kabla ya kulipa kwamba runinga yake itahitaji ruta ya kwake.