Kadi ya kumbukumbu na wepesi wa kamera

Kadi ya kumbukumbu (huitwa pia memori kadi) ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachohifadhi picha na video katika kamera ya dijitali, simu au kompyuta. Kadi haiongezi wala haipunguzi ubora wa picha. Hata hivyo kasi yake ya kuandika data huathiri muda ambao kamera inahitaji ili iwe tayari kwa picha inayofuata. Ndiyo sababu kamera ileile inaweza kuonekana nyepesi ikiwa na kadi moja na nzito ikiwa na kadi nyingine.

Historia

Kumbukumbu ya aina ya flashi, ambayo hutunza data hata umeme ukikatika, ilibuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba nchini Japani wakati wa miaka ya 1980. Mwaka 1994 kampuni ya SanDisk ya Marekani ilitoa kadi ya CompactFlash. Mwaka 1999 SanDisk, Toshiba na Matsushita (leo Panasonic) zilitangaza kadi ya SD, yenye urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24. Aina hiyo ndiyo inayotumika leo katika kamera nyingi. Ndugu yake mdogo, microSD, hutumika zaidi katika simu, droni na kamera ndogo.

Majina SDHC (kuanzia 2006, hadi gigabaiti 32) na SDXC (kuanzia 2009, hadi terabaiti 2) yanaeleza nafasi iliyomo katika kadi. Hayaelezi kasi. Kadi ya gigabaiti 128 inaweza kuwa ya polepole kuliko kadi ya gigabaiti 32.

Safari ya picha

Mpigapicha anapobonyeza kitufe, kihisi cha kamera hugeuza nuru kuwa data. Prosesa huipanga data hiyo na kuiweka kwanza katika kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya kamera, inayoitwa bafa. Kutoka hapo data huandikwa kwenye kadi.

Bafa inafanana na ndoo yenye tundu iliyowekwa chini ya bomba. Maji yakiingia polepole, ndoo haijai. Yakiingia kwa wingi kuliko yanavyotoka tunduni, ndoo hujaa, na hapo bomba halina budi kufungwa kidogo. Kadi ni tundu la ndoo: kadi yenye kasi huipa bafa njia pana ya kutoa data. Bafa ikijaa, kamera hupunguza mwendo au hukataa kupiga hadi nafasi ipatikane.

Mfano: treni ya Soga

Soga ni kituo cha Reli ya Kisasa (SGR) katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Treni za abiria za reli hiyo zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na zinaweza kufikia kilomita 160 kwa saa, yaani takriban mita 44 kila sekunde. Mpigapicha aliyesimama mahali salama nje ya uzio ana sekunde chache tu kabla treni isiyosimama haijampita.

Tuseme kamera yake hupiga picha 8 kwa sekunde, kila faili ghafi (RAW) lina megabaiti 25, na bafa inachukua picha 20, yaani megabaiti 500. Kamera inazalisha megabaiti 200 kila sekunde.

- Kwa kadi inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde, bafa hujaa baada ya sekunde 2.8 hivi, ikiwa imepiga picha 22. Baada ya hapo kamera hupiga chini ya picha moja kwa sekunde, na bafa huhitaji sekunde 25 kumwaga yote iliyonayo.
- Kwa kadi inayoandika megabaiti 80 kwa sekunde, bafa hujaa baada ya sekunde 4.2 hivi, ikiwa imepiga picha 33. Baada ya hapo kamera hupiga takriban picha 3 kwa sekunde, na bafa humwagika kwa sekunde 6 hivi.

Katika sekunde 1.4 zinazotofautisha kadi hizo mbili, treni inayokwenda kwa kasi yake ya juu husogea zaidi ya mita 60.

Mpigapicha huyo angeweza pia kuchagua faili la JPEG, ambalo limebanwa na huwa dogo zaidi. Bafa ingejaa kwa kuchelewa hata kwa kadi ileile.

Mfano: msitu wa Kisarawe

Si kila uzito wa kamera unatokana na kadi. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Wilaya ya Kisarawe, huishi sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayetafuta wadudu mchana kwenye majani makavu na kukimbia ghafla akishtuka. Chini ya miti mwanga ni hafifu. Lenzi huhangaika kutafuta fokasi, na shata hulazimika kukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo sange anayekimbia hutoka na ukungu. Ucheleweshaji huo hutokea kabla picha haijafika kwenye bafa. Kadi ya bei kubwa haitausaidia. Lenzi inayopitisha mwanga mwingi au kuongeza ISO kunaweza kusaidia.

Vivyo hivyo, mtu anayepiga picha mojamoja, kwa mfano za pasipoti au za kikundi kwenye mahafali, huenda asione tofauti yoyote kati ya kadi mbili.

Kusoma alama za kadi

- Namba kubwa kama "170 MB/s" kwa kawaida ni kasi ya juu ya kusoma. Husaidia kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta, lakini haielezi kasi ya kuandika.
- Namba 10 ndani ya herufi C humaanisha kadi inaandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde. U1 pia ni 10, na U3 ni 30.
- V30, V60 na V90 ni viwango vya video: angalau megabaiti 30, 60 na 90 kwa sekunde.
- I au II ya Kirumi huonyesha njia ya data. UHS-I hufikia megabaiti 104 kwa sekunde, na UHS-II hufikia 312. Kadi ya UHS-II ina safu mbili za vituo mgongoni. Ikiwekwa katika kamera ya UHS-I hufanya kazi, ila kwa kasi ya UHS-I tu.

Kasi ya video katika menyu ya kamera mara nyingi huandikwa kwa megabiti. Baiti moja ni biti 8, hivyo video ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Kadi ya V30 inatosha.

Kadi bandia

Kadi bandia zina hatari kubwa kuliko uzito. Baadhi zimeandikwa gigabaiti 128 ilhali nafasi halisi ni ndogo sana. Zikijaa, picha mpya huharibika au hufuta za zamani, na kamera haitoi onyo. Kwa anayerekodi harusi, hasara hiyo hailipiki, kwa kuwa shughuli hairudiwi. Njia ya kuhakiki ni kuijaza kadi mpya kwa mafaili kabla ya kazi, kuyasoma yote tena kwenye kompyuta, kisha kuifomati ndani ya kamera yenyewe.

Pia kadi haitolewi wala kamera haizimwi taa ya kuandika ikiwa bado inawaka. Taa hiyo huonyesha kwamba picha zilizopigwa hazijafika zote kwenye kadi.