Samaki anayekataa maji: nilivyomfuga yule mrukaji wa mikokoni

Aliyekulia Mafia anamjua huyu samaki. Maji yakitoka unamkuta kwenye matope ya mikoko, macho juu ya kichwa kama chura, anatembea kwa mapezi. Ukimsogelea anaruka huyoo, shimoni. Wanasayansi wanamwita Periophthalmus. Mimi nilichukua watatu, nikawafuga nyumbani Kilindoni, na wawili niliwaua kwa kutojua. Naandika ili wewe usirudie.

Kosa la kwanza, nilimfanya samaki kama samaki wengine. Nilijaza tangi maji tele, nikajiona fundi. Kumbe bwana huyu, akiwa nje ya maji, anavuta hewa kwa ngozi na kwa utando wa ndani ya mdomo na koo, mradi viwe na unyevu. Usiku kucha walihangaika kupanda kioo. Asubuhi nikapunguza maji, ila nikaacha tangi wazi na feni inazunguka. Mmoja akakauka ngozi, akafa. Ndipo nikaelewa: kwa samaki huyu unatunza hewa kama unavyotunza maji.

Sasa tangi lenyewe. Nilimpa fundi wa madirisha ya aluminiamu anibandikie vioo kwa silikoni, urefu mita moja. Upande mmoja maji, kina sentimita 10 tu. Upande mwingine mchanga ulioinama kama ufuko, na kipande cha gogo la kupandia. Juu mfuniko wa kioo, kwanza unyevu usitoke, pili jamaa anaruka kweli kweli. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 30, kwa hiyo usiliweke juani, litachemka.

Maji yawe ya chumvi kiasi. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Changanya lita moja ya bahari na lita mbili za mvua au kisima kisicho na chumvi, unapata gramu 12 hivi, zinamtosha. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu peke yake, maana chumvi haipandi na mvuke, inabaki tangini.

Kosa la pili ni haraka. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, nayo sumu, halafu naitreti ambayo si kali sana. Bakteria hao wanachukua wiki 4 hadi 6 kuzoea tangi jipya. Mimi nilisubiri siku moja! Wa pili akaenda. Washa chujio dogo, tia kipande cha kamba kioze humo, subiri, ndipo umlete mgeni. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Umeme ukikatika huyu havumi wala hazimii upesi kama samaki wengine, kwa vile anavuta hewa ya juu, lakini chujio lisilale muda mrefu, bakteria watakufa.

Chakula ni kaa wadogo, minyoo, nzi, vipande vya kamba. Nzi aliyepuliziwa dawa usimpe. Na usichanganye madume wawili kwenye tangi dogo, wanagombania eneo mpaka mmoja aumie.

Wa tatu bado ninaye. Lakini kuna jambo linaniuma. Tangini hawazaliani kirahisi, kwa sababu porini mayai hukaa ndani ya shimo la tope, kwenye chumba chenye hewa. Kwa hiyo karibu kila anayefugwa ametolewa mikokoni. Sehemu ya kusini ya kisiwa chetu ni hifadhi ya bahari tangu 1995, humo usichukue kiumbe bila kibali. Hata nje ya hifadhi, uliza kwanza.

Juzi kijana mmoja aliniletea ndoo ina kumi, anauza. Nikawatazama walivyobanana, nikakumbuka wawili wangu. Nikamwambia twende. Tulirudi naye palepale alipowatoa, maji yakiwa yametoka, tukaiinamisha ndoo. Dakika moja tu hakuna hata mmoja anayeonekana.

Kwa hiyo ndugu yangu, anza na mmoja, na kabla ya hapo tangi likae wiki sita tupu. Ukishindwa kusubiri, nenda kamwangalie mikokoni, ni bure. Mwenye uzoefu zaidi anisahihishe.