Zoea la Insha na Namna ya Kulitikisa

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyesahihisha mafungu mawili matatu ya insha za kidato cha tatu anaijua asubuhi ile. Jua huchomoza mashariki, ndege huimba nyimbo tamutamu matawini, jogoo huwika, naye mhusika mkuu hurauka alfajiri na mapema. Iwe mada inahusu ajali ya barabarani, ukame au mchimba kisima aliyetumbukia mwenyewe, asubuhi ni ile ile na ndege ni wale wale. Insha ya methali nayo hufunguliwa na wahenga ambao "hawakukosea waliponena", ikafungwa na wahenga hao hao.

Makala haya yanakusudia kueleza zoea hili linatoka wapi, jinsi baadhi ya waandishi wetu walivyoyatikisa mazoea yao wenyewe, na kile ambacho mwalimu anaweza kujaribu darasani bila kuhatarisha alama za mtahiniwa. Ninashikilia kwamba kumwambia mwanafunzi awe mbunifu hakumsaidii. Anayebadilika ni yule aliyebadilishiwa sharti moja la kazi, na moja tu kwa wakati mmoja. Isitoshe, faida ya kazi hiyo haiishii katika karatasi ya insha, kwani huvuka hadi katika uhakiki wa fasihi.

Chimbuko la zoea

Tusiwalaumu wanafunzi upesi. Karatasi ya 102/1 katika KCSE huwa na maswali manne. La kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua moja kati ya matatu yanayosalia. Kila insha ina alama 20, na muda wote ni saa moja na dakika 45. Kwa insha mbili za maneno yapatayo 400 kila moja, anayeingia chumbani na utangulizi aliokwisha kuukariri ameokoa dakika kadhaa. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Sisi walimu nasi tuna hesabu yetu: darasa la wanafunzi 50 huzaa insha 50, na insha inayopita njia inayojulikana husahihishwa haraka. Vipo hata vijitabu vinavyouza orodha za "mapambo ya lugha" ya kukariri, na sijaona mwanafunzi aliyekosa pesa za kukinunua kimoja.

Hata hivyo hesabu hiyo ina hasara yake. Sentensi iliyokaririwa haina kosa la sarufi, lakini aghalabu haina uhusiano na kisa. Aya ya kwanza hutiririka kama iliyoandikwa na mtu mzima. Katika aya ya pili mwanafunzi huanza kusema kwa sauti yake, na lugha huporomoka ghafla. Mshono huonekana. Msahihishaji mzoefu huuona kabla hajamaliza ukurasa, na insha ambayo pengine ingekaribia kiwango cha A, yaani alama 16 hadi 20, hubakia pale pale kwenye B ya chini au C.

Waandishi walivyofanya

Tumchukue Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Kati ya 1971 na 1979 alitoa riwaya nne: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Licha ya tofauti zao, zote husimulia kwa njia ambayo msomaji wa kawaida anaifuata. Wahusika wana majina na makao, na tukio moja huzaa jingine. Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), na msomaji yule yule hajui tena yuko wapi. Wakati hauendi mbele kwa utaratibu, mahali hapana ramani, na falsafa hubebwa na visasili na ndoto. Wapo walimu wanaoziona riwaya hizi mbili kuwa ngumu mno kwa shule za upili, nami sioni kwamba wamekosea.

Linalotufaa sisi ni njia aliyopitia. Ni rahisi kudhani kwamba mwandishi huyu aliamka siku moja akatupa kaida zote. Sivyo. Mwaka 1974 alichapisha Kichomi, diwani iliyoachana na vina na mizani na kuwasha moto baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mwaka huo huo ilitoka Kichwamaji, riwaya yenye usimulizi wa kawaida. Yaani alipokuwa akibomoa kaida katika utanzu mmoja, katika utanzu mwingine aliendelea kujenga kwa matofali yaliyozoeleka. Kutoka Kichomi hadi Nagona ni miaka 16.

Upande wa pili wa mgogoro ule alikuwapo Abdilatif Abdalla, na ni kosa kumtaja kama mtu aliyekaa palepale. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) aliyatunga akiwa mfungwa wa kisiasa nchini Kenya, kati ya 1969 na 1972. Hakuacha vina wala mizani. Lakini lisome shairi lake "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili wanauzozania mnazi mmoja, na kila mmoja ana hoja nzito. Malumbano ya washairi wawili yalikuwapo tangu zamani katika ushairi wa Kiswahili. Hapa mshairi mmoja anazibeba pande zote mbili, na mgogoro wa ndugu unasomeka kama mgogoro wa nchi. Umbo limebaki vilevile, kilichobadilika ni sauti.

Kithaka wa Mberia naye, katika Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001), aliuchezea ukurasa wenyewe, hata mpangilio wa maneno juu ya karatasi ukawa sehemu ya maana. Kwa hivyo tuna watu watatu na masharti matatu: mmoja aligusa vina na mizani, mwingine sauti, mwingine sura ya shairi kwenye karatasi. Mwanafunzi anayeambiwa abadilishe yote kwa pamoja hurudi kwa ndege wake, maana hao angalau anawajua.

Darasani

Zoezi lililonipa faida kubwa kuliko yote ni la kubadilisha msimulizi. Nililitumia kwanza na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980 na ambayo walimu wengi waliifundisha ilipokuwa kitabu teule. Biti Kocho ni mtumishi katika nyumba ya Bwana Maksuudi. Anasikia mengi, anajua mengi, na hakuna anayemwuliza lolote. Wanafunzi waliombwa wasimulie mkasa wa Maimuna katika nafsi ya Biti Kocho, kwa nusu ukurasa tu. Wengi walianza vizuri kwa "mimi", kisha wakaeleza hata yale Maksuudi aliyoyawaza akiwa peke yake. Waliposomeana, mmoja aliuliza kutoka nyuma ya darasa, "Yeye alijuaje?"

Swali hilo lina uzito kuliko maelezo yangu ya kipindi kizima. Tofauti kati ya usimulizi wa nafsi ya kwanza na msimulizi maizi, yule ajuaye yote, huwa katika madaftari yao tangu kidato cha pili, lakini kama maneno ya kukariri tu. Aliyejaribu kuandika kwa macho ya mtumishi akakwama anaelewa kwa nini mwandishi huchagua nafsi fulani, anapata nini, na anapoteza nini. Anapoulizwa katika 102/3 kuhusu mbinu za usimulizi, hataishia kuzitaja na kunukuu mifano. Ataeleza kazi yake katika matini, na hapo ndipo majibu ya watahiniwa wengi hupwaya. Zoezi hili linafaa kwa kitabu chochote. Mwenye Chozi la Heri au Nguu za Jadi mkononi hatakosa mhusika mdogo anayesikia mengi na kuulizwa machache.

Zoezi la pili ni la marufuku. Andika aya moja ya asubuhi nyumbani: jua marufuku, ndege marufuku, jogoo marufuku, tashbihi zote marufuku. Darasa hunung'unika, kisha hunyamaza kwa muda mrefu, na mwalimu asiuogope ukimya huo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba mama alizima koroboi kabla uji haujaiva, ili mafuta yabakie ya jioni. Sentensi hiyo haina pambo hata moja. Wenzake walipoulizwa inasema nini walijibu mara moja: umaskini, na neno umaskini halimo. Hapo tulifungua tena shairi tulilokuwa tukilichambua juma hilo na kutafuta mahali ambapo mshairi alidokeza bila kutaja. Waliyapata manne, mojawapo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona.

Zoezi la tatu limetokana na "Mnazi". Wape methali, mathalani asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha waandike majibizano: mkuu aseme, aliyevunjika guu ajibu, na wote wawili wawe na hoja. Tahadhari inahitajika hapa. Katika mtihani, swali la methali hudai kisa kinachodhihirisha maana ya methali, pande zake zote mbili. Mtahiniwa akiipinga methali kwa sababu alizoea kuipinga darasani, amepotoka. Basi mwalimu aseme wazi kuwa haya ni mazoezi ya kujua methali inabeba nini, wala si kielelezo cha jibu. Nimegundua kwamba waliokwisha kulumbana na methali huandika visa vyenye uzito hata wanapoiunga mkono, kwa kuwa mhusika wao huwa na sababu ya kutosikia la mkuu. Si mjinga tu aliyewekwa pale ili avunjike.

Kuna pia la kusikiliza: mwanafunzi aandike mazungumzo ya utingo na abiria, au ya muuzaji na mnunuzi sokoni, bila msimulizi hata mmoja. Hili ni jepesi, hupendwa, na huhudumia isimujamii na tamthilia kwa pamoja.

Uamilifu usiguswe

Katika insha za uamilifu upya hauna nafasi katika muundo. Barua rasmi ina anwani zake mbili, kumbukumbu zina waliohudhuria na ajenda zake, ripoti ina vichwa vyake, na msahihishaji hukata alama za sura pasipo huruma. Na swali la lazima mara nyingi hutoka huko. Mwanafunzi anaweza kuleta jambo jipya katika hoja zake, kwa mfano ripoti inayotaja lori la maji lililofika siku mbili baada ya bweni kuungua badala ya kusema tu kwamba hasara ilikuwa kubwa. Kiunzi abaki nacho kilivyo.

Kuhusu mzigo wa kusahihisha, ushauri wangu ni kwamba mazoezi haya yasisahihishwe. Yawe ya nusu ukurasa, dakika 15 za kuandika na 10 za kusomeana wawili wawili, mara moja kila baada ya majuma mawili. Mwalimu achague manne ya kusomwa mbele ya darasa, bila kutaja majina ikibidi, na maswali yatoke kwa wanafunzi. Alama zikiingia, woga huingia nao, na mwenye woga hukimbilia alichokariri.

Kidato cha pili na cha tatu ndivyo vinavyofaa zaidi. Kwa kidato cha nne, mazoezi yakome mwishoni mwa muhula wa pili, ili muhula wa mwisho utumiwe kuandika insha kamili kwa kufuata saa, mada mbili kwa kikao kimoja, kama itakavyokuwa siku ya mtihani.