Lupasi: Vipimo Gani vya Damu Vya Kufuatilia?

Wagonjwa wengi wa lupasi huuliza kama kipimo chao cha ANA, yaani kingamwili dhidi ya viini vya seli, kimeshuka. Kipimo hicho husaidia kuutambua ugonjwa, lakini hakifai kuufuatilia. Karibu kila mwenye lupasi huwa nacho chanya, na mara nyingi hubaki hivyo hata ugonjwa ukitulia. Kukirudia kila kliniki ni kupoteza fedha.

Vinavyofaa kurudiwa ni kingamwili dhidi ya DNA na protini za kinga ziitwazo komplementi, C3 na C4. Katika lupasi, kingamwili hushambulia viini vya seli za mwili wenyewe. Huungana navyo kuwa mafungu yanayonasa kwenye figo na kuamsha komplementi. Komplementi hutumika haraka kuliko mwili unavyoitengeneza, hivyo C3 na C4 hushuka. Kingamwili za DNA zikipanda huku C3 na C4 zikishuka, ugonjwa huenda unachachamaa, na figo ndizo za kuangaliwa kwanza.

Hata hivyo, wapo wanaokaa na majibu ya namna hiyo muda mrefu bila dalili yoyote. Hao hufuatiliwa kwa karibu. Hawaongezewi dawa kali kwa sababu ya namba peke yake.

Homa nayo ina mtego wake, kwani inaweza kutokana na lupasi yenyewe au na maambukizi. Hapo husaidia ESR na CRP, vipimo vya damu vya uvimbe mwilini. Lupasi ikichachamaa, ESR hupanda lakini CRP mara nyingi haipandi sana, isipokuwa viungo au utando wa mapafu na moyo umevimba. CRP ikiruka juu, tafuta maambukizi kwanza. Kuongeza dawa za kushusha kinga kwa mtu mwenye nimonia au kifua kikuu kunaweza kumuua.

Picha kamili ya damu huonesha upungufu wa damu, wa chembe nyeupe au wa chembe sahani, ingawa dawa kama azathioprini nazo huzishusha chembe hizo.

Damu pekee haitoshi. Figo huharibika bila kuuma, kwa hiyo mkojo upimwe kila mara. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, daktari hufikiria kuchukua kinyama cha figo ili kichunguzwe.

Ndugu msomaji mwenye lupasi, tunza majibu yako yote pamoja na tarehe zake, na ikiwezekana pima maabara ileile, maana mwelekeo wa namba una uzito kuliko jibu moja. Na majibu yakiwa mazuri, usiache dawa yako ya lupasi, haidroksiklorokwini, bila kuongea na daktari wako.