Wali wa Ndera Wapikwa Wapi Mjini?

Mtu ahamapo kwao huchukua vitu viwili visivyopimwa forodhani: lugha yake na ladha ya chakula cha mamake. Lugha yaweza kupotea katika kizazi kimoja au viwili, lakini ulimi ni mkaidi. Mtu wa Lamu aliyekaa ugenini miaka 30 bado huulizia mkate wa mofa, na wa Unguja huulizia urojo.

Watazame Wagiriki. Nchi yao ni ndogo, lakini watu wao wametapakaa duniani: wako Melbourne kule Australia, wako mtaa wa Astoria mjini New York, na siku za mkonge walikuwa wengi hapa jirani, Tanga na Morogoro. Mgeni aingiapo katika miji kama Melbourne na kuuliza ni wapi atakapopata chakula kizuri cha Kigiriki, hakosi wa kumwelekeza. Nacho ni chakula ambacho Mswahili hatakiona kigeni sana. Nyama yao ya kuchoma kijitini ni ndugu wa mshakiki wetu, kofta zao zafanana na kofta tuzijuazo, na baklava ni ile ile ya Waturuki na Waarabu. Wala si ajabu, kwani Waturuki waliitawala nchi hiyo kwa muda wa karibu miaka 400, na chungu hakina mpaka. Ila Mwislamu ataulizia nyama kwanza kabla ya kunawa mikono, maana Wagiriki hula nguruwe, na mvinyo huutia hata katika mchuzi.

Sasa tuligeuze swali hilo, msomaji, tulilete kwetu. Yuko kijana wa Ndera afanyaye kazi Mombasa. Ndera, kwa asiyejua, ni jina la watu na la nchi yao pia: ni moja ya mafungu ya Wapokomo, na nchi yao iko kandokando ya Mto Tana, juu ya Garsen, njia ya kwendea Hola. Kijana huyo jua limekuchwa, ana fedha mfukoni, na moyo wake wataka chakula cha mto. Aende wapi?

Akitaka biriani, nyumba ni tele. Akitaka pilau, mahamri na mbaazi, samaki wa kupaka au chapati za Kihindi, hana haja ya kuvuka barabara. Wenzetu wa bara nao wana vibanda vyao vya ugali na nyama choma, na watu wa ziwani wana samaki wao wazima kwenye sinia. Lakini nyumba iliyoandikwa mlangoni kuwa hapa pana chakula cha Mto Tana, mimi sijapata kuiona, na nimetembea mji huu kwa miguu miaka mingi.

Huenda mtu akasema: chakula chenyewe ni kipi hata kitafutiwe nyumba? Basi na tukitaje. Kwanza ni wali wa mpunga uliopandwa kwenye tope la mafuriko na kukobolewa kwa kinu. Mchele huo hauna weupe wa mchele wa mashine. Punje zake zina wekundu kidogo na hunukia tangu chunguni. Pili ni samaki wa maji matamu: kambare, mwenye masharubu, na kamongo, yule avutaye pumzi kama kiumbe wa nchi kavu na kujizika topeni wakati wa ukame hadi maji yarudi. Tatu ni ndizi mbichi za kupikwa. Nne ni maziwa ya mtindi na samli, ambavyo mkulima wa Kipokomo kwa desturi hakuvitoa zizini mwake, bali vilitoka kwa jirani yake Muorma mwenye ng'ombe. Na mwisho ni maembe, ambayo Mto Tana hutoa kwa wingi hata mengine huoza chini ya miti kwa kukosa gari la kuyachukua.

Hicho si chakula cha kimaskini. Katika karne ya 19 majahazi ya Lamu yalikwenda Kipini na Kau kutafuta nafaka ya mto huo. Walioketi barazani katika nyumba za mawe na kusifiwa kwa karamu zao, wali waliokirimia wageni ulitoka mara nyingi katika jasho la watu wa mto. Tumezisifu sinia tukamsahau mwenye shamba.

Kwa nini basi chakula hiki hakikupata hoteli mjini? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni tabia yetu. Kwa mtu wa mto, kama kwa mtu wa pwani, mgeni hukaribishwa chakula, hauziwi. Chakula cha hotelini ni cha wapita njia. Chakula chenyewe hasa kiko nyumbani. Kwa hiyo atakaye kukionja kizuri hapa Mombasa, dawa yake si kutafuta hoteli bali kutafuta watu. Ajuane na jamaa wa Ndera, Gwano au Zubaki, ahudhurie arusi zao na hitima zao. Huko ndiko wapishi waliko, na aghalabu ni akina mama wa makamo ambao hawakuandika chochote. Vipimo vyao viko mkononi.

Sababu ya pili ni mto wenyewe. Mpunga wa asili wa Tana haukutegemea mvua ya pale shambani bali furiko lililoshuka kutoka milimani, mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli. Maji yalipanda, yakaacha rutuba, yakashuka, na mkulima akafuata nyuma yake na mbegu. Kisha yakaja mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Taifa lilipata taa, na hakuna mwenye akili awezaye kuikataa taa. Lakini furiko likapoteza miadi yake. Kuna miaka halifiki shambani, na kuna miaka huja kwa hasira na kuzoa kila kitu, kama ilivyokuwa mvua za El Niño za mwaka 1997, zilizovunja hata maboma ya shamba kubwa la mpunga la serikali karibu na Garsen, na kama ilivyokuwa tena mwaka 2023 na 2024. Huku chini mtoni, Ozi na Kipini, maji ya chumvi yamepanda na kuingia katika mashamba ya mpunga na minazi. Mchele ambao mkulima mwenyewe hana hakika nao, mwenye hoteli wa Mombasa ataupata wapi kila siku?

Ya tatu ni nzito kuliko hizo, na kalamu yasita kuiandika. Nimesema chakula cha mto kina mikono miwili: nafaka ya Mpokomo na maziwa ya Muorma. Sinia hiyo ilikuwa mkataba. Wakati wa kiangazi ng'ombe huja kunywa mtoni, na wakati wa mavuno nafaka hupanda malishoni. Ugomvi wa malisho na mashamba haukuanza jana, lakini mwaka 2001 ulimwaga damu, na mwaka 2012 hadi mapema 2013 ukaua watu zaidi ya 100 katika nchi ya Delta, wakiwamo wanawake na watoto. Nyumba zilichomwa, na soko ambalo mama wa Kiorma alikuja na kibuyu na mama wa Kipokomo akaja na kapu likawa mahali pa kuogopana. Watu huhesabu maiti, na ni haki yao. Hakuna ahesabuye siku ambazo wali uliliwa bila mtindi kwa kuwa jirani hakuja.

Lakini tusikate tamaa, kwani mtafutaji hachoki. Anayesafiri kwenda Lamu ashuke Minjila au Garsen basi linapopumzika, asikimbilie soda na biskuti. Aulize kama kuna samaki wa mto, na aulize wamevuliwa lini. Kambare mzuri hununuliwa akiwa hai, maana ni samaki mwenye roho ngumu. Aliyekufa zamani humjua kwa macho na kwa harufu. Mpishi ajuaye kazi humsugua kwa jivu hadi ute uishe, kisha humtia ndimu na chumvi. Ukisikia harufu ya tope kwenye mchuzi, usimlaumu samaki. Mpishi alifanya haraka. Na hapa Mombasa, msimu wa maembe ukiingia, nenda soko la Kongowea alfajiri, uwaulize wachuuzi yapi yametoka Tana. Mwenye shehena ya maembe huenda ana jamaa mwenye gunia la mchele.

Naona pia lipo jambo la kufanya ambalo halingoji serikali. Vijana wa mto walioko mjini ni wengi sasa, na wengine wana mtaji. Nyumba moja tu ya chakula, hata ya meza nne, yenye mpishi wa Ndera jikoni na mtindi wa Muorma mezani, ingempa mkulima soko la uhakika na kumpa mfugaji sababu ya kuja sokoni kwa amani. Mgiriki hakungoja watu wa Melbourne wakipende chakula chake ndipo akipike. Alikipika kwa ajili ya wenziwe waliokuwa na hamu ya kwao, na harufu ikawavuta majirani.

Na wazee wetu, kina mama hasa, waulizwe mapema vipimo vyao. Mzee akifa na mapishi yake, hatuwezi kwenda kuyachimbua. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kuwa asili haikai kwenye maneno matupu, hukaa chunguni, na chungu kisichotiwa moto hufanya nyufa.