Je, Wajua? Mwachieni Bibi Mchi Wake

Je, wajua kwamba misuli huanza kupungua mtu akiwa bado kijana wa miaka 30 na kitu, na baada ya 60 hupungua mbio zaidi? Lakini ukiiita, inaitika. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 dhaifu wenye wastani wa miaka 90. Walinyanyua vyuma kwa miguu wiki 8. Mmoja aliachia njiani. Kwa waliobaki, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa 174%.

Uvira chuma cha nini, na kinu kipo? Mwangalie mama mzee anayetwanga sombe: miguu kaipanua, mchi unapaa hadi usawa wa paji la uso, vidole vinaulegeza kidogo, vinaudaka tena, na tumbo linakaza kila unapotua. Mabega, mgongo, kiganja, vyote viko kazini. Mara anatokea mjukuu mwenye adabu: "Pumzika, bibi, nitatwanga miye." Heshima nzuri, tiba mbaya. Mpokeeni ndoo ya maji kichwani, mchi mwachieni.

Je, wajua kwamba miguu hupimwa nyumbani, bila daktari? Egemeza kiti ukutani, kunja mikono kifuani, simama na kuketi mara 5. Ukipita sekunde 15, mapaja yamelegea.

Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi inayolingana na hiyo, na angalau siku 3 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba: ukiupa ufuko mgongo, ni kupanda tu. Ila jua lichomoze kwanza. Usiku viboko hutoka majini kula majani, na alfajiri hawapendi kukutana na mtu njiani.

Ndagala mkavu huliwa mzima, kichwa na miba, na humo kwenye miba ndimo iliko kalisiamu ya mifupa. Anayechambua vichwa na kuvitupa anamlisha paka dawa yake. Samaki wa chumvi ni habari nyingine. Mwenye tansio amwogope.

Je, wajua kuhusu Gustave, mamba maarufu wa Ruzizi na fuko hizi za kaskazini? Walidhani ana miaka 100. Kisha wakamtazama kinywani, wakakuta meno yote, wakamshusha hadi 60 hivi. Sisi hatuoti mapya kama yeye, tupige mswaki.

Je, wajua kwamba kiu hufifia uzeeni? Mwili unakauka, mzee anasema hataki maji. Kwenye mji unaojuana na kipindupindu kama Uvira, hilo linaua haraka. Akianza kuharisha, msisubiri aombe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kituo cha afya.