Mpaka wa Mkoa si Mpaka wa Kiapo

Mtu wa Rumonge aliyezaliwa kabla ya mwaka 2015 alizaliwa katika Mkoa wa Bururi. Mwaka huo Rumonge ikafanywa mkoa wenyewe. Na mwaka 2025, mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa ikawa mitano, Rumonge ikawa tarafa ya Mkoa wa Burunga. Basi mtu huyo amekwisha kuwa wa mikoa mitatu, hali nyumba ya baba yake haijasogea hata hatua moja kutoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Lisilobadilika ni taifa lake. Na kama ni askari, kiapo chake.

Ndugu askari, twalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa ukanda ni maradhi ya zamani katika majeshi ya Afrika. Dalili yake ya kwanza ni swali dogo linaloulizwa kwa tabasamu: "Mwenzetu, watoka upande gani?" Kupenda kwenu si kosa, wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kosa huanza pale jibu la swali hilo linapogawa vyeo, linapopanga zamu, au linapoamua nani asikilizwe na nani awekwe mahabusu.

Tangu Novemba 1966 hadi 1993 Burundi iliongozwa na maofisa watatu waliofuatana: Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya. Wote watatu walikuwa wazaliwa wa Rutovu, katika Bururi. Je, ujirani huo uliwapa usalama? Hasha. Bagaza alimpindua Micombero mwaka 1976, naye Buyoya akampindua Bagaza mwaka 1987. Kabla ya hapo, mwaka 1971, maofisa na wanasiasa, wengi wao wakitoka Muramvya, walikamatwa kwa tuhuma za njama na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, ingawa walikuwa Watutsi kama wakuu waliowashitaki.

Tarehe 29 Aprili 1972 moto ukawaka Rumonge na Nyanza-Lac, yaani ndani ya Bururi ile ile. Watutsi wa pwani hiyo waliuawa na waasi. Kisha kwa miezi kadhaa Wahutu waliuawa nchi nzima na askari pamoja na vijana wa chama tawala. Makadirio mengi yanataja waliokufa kuwa zaidi ya 100,000. Wengine kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Wala Burundi si peke yake. Nigeria, nchi kubwa ya shirikisho, ilipata mapinduzi mawili mwaka 1966, na kambini askari wakawaua wenzao kwa kutazama jimbo la asili. Matokeo yake yalikuwa vita vya Biafra, vilivyodumu kuanzia 1967 hadi 1970.

Burundi ilitafuta dawa katika Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya 2005 ikaamuru kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini hesabu hiyo huishia langoni mwa kambi. Huko nje askari hubaki na dhamiri yake.

Tuchukue mfano wa ardhi. Wakimbizi wa 1972 walipoanza kurejea kwa wingi mwaka 2008, wengi walikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac, pamoja na michikichi yake, yakilimwa na wengine, ambao nao walikuwa wamezaa na kuzika hapo kwa zaidi ya miaka 30. Polisi anayeitwa kutenganisha watu wawili wa namna hiyo, kila mmoja ameshika panga na kila mmoja ana hoja, hana budi kuulizia ukweli wa shamba. Akiulizia kilima alikotoka mlalamikaji, yule aliyenyimwa haki hatamlaumu polisi mmoja. Atalilaumu taifa zima, na atawafundisha wanawe vivyo hivyo.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jeshi lenye utii kwa kila mkoa lina manahodha wengi. Kwa hiyo kila mmoja wetu aipende pwani yake au mlima wake, aisaidie jamaa yake kwa mshahara wake mwenyewe; lakini sare, silaha na cheo avitumikie kwa ajili ya raia wote. Mipaka ya mikoa ilikwisha kuchorwa upya, na yaweza kuchorwa tena. Damu iliyomwagika kwa ajili yake hairudi.